Kushona si Kufuma: Tasnia ya Nguo ya Afrika Mashariki katika Mwaka wa Barakoa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa ubunifu wa mavazi, na nyinyi mafundi mliofunga vibanda vyenu siku ya kazi ili kuja kunisikiliza, nawashukuru kwa kunipa saa hii.

Nimekuja na vitu vitatu na nimeviweka hapa mezani. Cha kwanza ni barakoa ya kitenge iliyoshonwa mwezi wa Aprili mwaka 2020 na fundi wa mtaani kwetu, ambaye aliikata kutoka kwenye kipande kilichobaki cha sare ya harusi ambayo haikufanyika. Cha pili ni barakoa ya hospitali, ile ya buluu yenye tabaka tatu, ambayo nimeipasua pembeni ili tabaka zake zionekane. Cha tatu ni mfuko wa sokoni, ule wa kitambaa chepesi tulioanza kuubeba baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Mfuko huu nitaurudia, kwa sababu una undugu na barakoa ambao wengi wetu hatukuujua mpaka tulipougua.

Kabla sijaingia katika hoja yenyewe, niseme neno moja kuhusu jina. Vijana wengi wanadhani kwamba barakoa ni neno lililozaliwa pamoja na UVIKO-19. Wazee wa Unguja na Mombasa wanajua kwamba sivyo. Barakoa lilikuwa vazi la wanawake wa heshima, hasa wa nasaba ya Kiomani, lililofunika uso na kuacha macho, na lililotariziwa kulingana na uwezo wa mwenye kulivaa. Huko Oman na nchi za Ghuba lingali linavaliwa. Kwa hiyo lugha yetu ilipotafuta jina la kile kitambaa cha mdomoni na puani, ililitoa katika kabati la nguo na si katika kabati la dawa. Naliona hilo kuwa sahihi kuliko lilivyokusudiwa, maana kwa miezi kadhaa ya mwaka ule kinga kubwa aliyokuwa nayo mtu wa kawaida ilitoka mikononi mwa fundi cherehani.

Hoja yangu ya leo ni kwamba janga lile lilitupima sisi watu wa nguo kwa mtihani mmoja tu, nao ulikuwa mtihani wa kitambaa. Katika kushona tulifaulu, na tulifaulu kwa kasi ambayo inastahili kuelezwa. Katika kufuma, yaani katika kukitengeneza chenyewe kile kinachoshonwa, tulionekana jinsi tulivyo.

Watu wengi huanza kusimulia habari za korona tarehe 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza, au tarehe 16 Machi, siku Tanzania ilipomtangaza wa kwake. Kwa mwenye kiwanda cha nguo, tatizo lilianza mapema zaidi. Mji wa Wuhan ulifungwa tarehe 23 Januari, wakati viwanda vya China vilikuwa vinaingia katika likizo ya mwaka mpya wao, na likizo ile ikarefushwa. Viwanda vyetu vya Athi River, katika eneo la EPZ, yaani eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, wakati ule vilikuwa vinashona suruali na fulana za kupelekwa Marekani chini ya AGOA, mpango wa biashara wa Marekani ambao tangu mwaka 2000 ulikuwa umeziruhusu nguo zetu kuingia huko bila ushuru. Mpango huo ulikuwa na ruhusa ndani yake iliyowapa washonaji wa nchi nyingi za Afrika haki ya kutumia kitambaa kilichofumwa popote duniani. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoleta ajira Athi River, na ndiyo iliyotufanya tusione haraka ya kufuma cha kwetu. Kwa hiyo katika wiki ambazo hapa kwetu hapakuwa na mgonjwa hata mmoja, walikuwapo wakubwa wa viwanda waliokuwa wakihesabu marobota yaliyobaki ghalani na kuuliza meli iko wapi.

Kisha mtihani ukageuka upande wa pili. Kitambaa kilipoanza kupatikana tena, wanunuzi walitoweka. Maduka ya Ulaya na Marekani yalifungwa kuanzia katikati ya Machi, na makampuni makubwa ya mavazi yakaandika barua za kufuta oda, hata zile ambazo nguo zake zilikuwa zimekwisha kukatwa, kushonwa na kutiwa katika maboksi. Bangladesh ndiyo iliyoumia waziwazi kuliko wengine, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya mauzo yake ya nje hutokana na nguo. Chama cha wenye viwanda vya nguo cha huko kilihesabu oda za zaidi ya dola bilioni 3 zilizofutwa au kusimamishwa, na wafanyakazi zaidi ya milioni 2 walioguswa na jambo hilo.

Wanafunzi wanipe ruhusa nikae hapa kidogo, kwa sababu darasani tunafundisha mikunjo na mishono na hatufundishi mikataba. Katika biashara hii, mwenye kiwanda hununua kitambaa, uzi na vifungo kwa fedha yake au kwa mkopo wa benki, hulipa mishahara kila mwezi, na mnunuzi humlipa baada ya mzigo kupakiwa melini, wakati mwingine miezi miwili au mitatu baada ya hapo. Maana yake ni kwamba maskini ndiye anayemkopesha tajiri. Katika mikataba hiyo mna kifungu kinachomsamehe mtu kutimiza ahadi yake anapozuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, na wanunuzi wengi walikikimbilia kifungu hicho. Wanaharakati wa haki za wafanyakazi waliendesha kampeni ya kuwataka walipe, na baadhi ya makampuni, H&M ikiwa miongoni mwa yale ya mwanzo, yalikubali kulipia nguo zilizokwisha kushonwa. Mengine yaliomba punguzo juu ya nguo ambazo bei yake ilikuwa imekwisha kukubaliwa. Naliita jambo hilo kwa jina lake, yaani dhuluma, na sijasikia hoja ya kisheria iliyonifanya nibadilishe neno.

Huko juu, kwenye nyumba za mitindo za kifahari, mabadiliko yalikuja kwa namna nyingine, na vyombo vya habari viliyapenda sana. Giorgio Armani alikuwa ameonyesha mavazi yake mjini Milano mwezi Februari katika ukumbi usio na watazamaji. Mwishoni mwa Machi viwanda vyake vyote vya Italia vikageuzwa kushona ovaroli za kutumiwa mara moja kwa ajili ya wahudumu wa afya. Prada ilishona ovaroli 80,000 na barakoa 110,000 kwa ajili ya wahudumu wa afya wa jimbo la Toscana. Viwanda vya manukato vya LVMH nchini Ufaransa vikaanza kutengeneza vitakasa mikono, jambo ambalo kwa mwenye matangi ya alkoholi halikuwa gumu kama lilivyotangazwa. Sisemi hayo kwa dharau. Nasema tu kwamba ovaroli 80,000 si nyingi kwa hospitali za nchi iliyokuwa inazika mamia ya watu kwa siku, na kwamba thamani ya kazi ile ilikuwa katika kuuonyesha ulimwengu kwamba laini ya kiwandani inayoshona koti la bei kubwa na laini ya vazi la kinga ni laini ileile.

Sasa twende Kitui, maana nililolifuata ni hilo.

Kaunti ya Kitui ilikuwa na kiwanda cha kushona kinachoitwa KICOTEC, mahali panapoitwa Syongila, kilichoanzishwa na serikali ya kaunti wakati wa gavana Charity Ngilu. Kilikuwa na wafanyakazi wapatao 400, wengi wao wanawake, na kazi yao ilikuwa kushona sare. Mwishoni mwa Machi mwaka 2020, chini ya wiki tatu tangu mgonjwa wa kwanza atangazwe, kiwanda hicho kilikuwa kimeacha sare na kuanza kushona barakoa za aina ya hospitali, nacho kilitangaza kwamba kinatoa barakoa 30,000 kwa siku. Tufanye hesabu ya fundi. Barakoa 30,000 kwa watu 400 ni barakoa 75 kwa kila mtu kwa siku, na katika hao 400 wamo wakataji, wapiga pasi, wakaguzi na wapakiaji ambao hawagusi cherehani. Kwa kitu chenye mikunjo mitatu, waya wa pua na vitanzi viwili vya masikioni, hiyo ni kazi ya watu waliozoea laini, ambapo kila mmoja hushona mshono mmoja tu na kumsogezea mwenzake. Fundi mmoja wa kibandani, anayekata, kukunja, kushona na kukata nyuzi peke yake, hawezi kushindana na mpangilio huo, hata awe na mkono mwepesi kiasi gani.

Kwa nini Kitui iliweza? Wengi hujibu kwamba ni uzalendo, nami siukatai. Lakini nadhani sababu kubwa zaidi ilikuwa fupi na ya kawaida. Kiwanda kilikuwa cha umma, hakikuhitaji kungoja oda kutoka New York. Kilikuwa na soko lililo karibu, ambalo ni hospitali na wananchi wa nchi ileile. Na wafanyakazi wake walikuwa wamezoea sare, kazi inayodai maelfu ya vipande vinavyofanana, vyenye vipimo visivyobadilika. Aliyezoea kushona gauni moja la bibi harusi kwa wiki mbili angepata taabu.

Mwezi Aprili serikali ya Kenya ilitoa kanuni za kuvaa barakoa mahali pa umma, na adhabu yake ikawa faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Hapo kila mwenye cherehani akawa mtengenezaji wa kifaa cha kinga. Mtaani kwetu kilichokwisha kwanza madukani hakikuwa kitambaa. Kilikuwa lastiki, au mpira kama wengi wetu tunavyouita. Niliona barakoa zilizofungwa kwa vipande vya fulana, kwa kamba za viatu, na moja, ambayo sitaisahau, iliyofungwa kwa lastiki iliyochomolewa kiunoni mwa bukta ya mtoto.

Tatizo la barakoa zile halikuwa sura. Fundi wetu anajua kutengeneza kitu kinachokaa vizuri mwilini. Tatizo lilikuwa kwamba kazi ya kitambaa ilikuwa imebadilika, na hakuna aliyemwambia. Katika miaka yote ya kazi yake, alikuwa amechagua kitambaa kwa rangi, kwa uzito na kwa jinsi kinavyoanguka. Sasa alitakiwa akichague kwa jinsi kinavyozuia. Kitambaa cha kufumwa, ukikitazama kwa karibu, ni wavu: nyuzi za tande zinakwenda upande huu, za mshindio zinakatiza upande ule, na kati yake pana matundu. Ukiinua kanga iliyofuliwa mara nyingi kuelekea juani, utaona mwanga unapenya. Aidha, nguo ya pamba isiporowekwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, hurudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na barakoa iliyomtosha baba siku ya Jumatatu ikawa ya mtoto siku ya Jumatano. Mafundi waliojua hilo walikuwa wale waliozoea kushona mashati ya pamba, na walikuwa wachache.

Tarehe 5 Juni mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliokuwa, kwa macho yangu, somo la kwanza la nguo lililotolewa kwa dunia nzima kwa wakati mmoja. Ulisema barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu: la ndani, linalogusa midomo, liwe la kitu kinachonyonya kama pamba, la nje liwe la kitu kisichonyonya, kama poliesta, na la katikati liwe la kuchuja, na kwa hilo ukataja polipropilini isiyofumwa.

Hapo ndipo unapoingia mfuko wetu wa sokoni. Ushikeni, muuvute. Hauna tande wala mshindio. Umetengenezwa kwa kuyeyusha polipropilini, ambayo ni plastiki, na kuivuta iwe nyuzi ndefu zinazomwagwa ovyo juu ya mkanda kisha kubanwa kwa joto. Tabaka la nje na la ndani la barakoa ya hospitali ni ndugu wa mfuko huu. Kwa hiyo malighafi ya namna hiyo tulikuwa tunaibebea nyanya na vitunguu kila siku, na nchini Kenya serikali ilikuwa imekwisha kujaribu mwaka 2019 kuipiga marufuku nayo, kwa sababu mifuko ilikuwa inatengenezwa hafifu mno.

Lakini tazameni hili tabaka la katikati, hili jeupe linalofanana na karatasi laini. Hili ni jamii tofauti. Polipropilini iliyoyeyushwa hupitishwa kwenye matundu madogo sana, na upepo wa moto wenye kasi huzipuliza nyuzi hizo mpaka zinakuwa nyembamba kupita unywele kwa mara nyingi. Kisha hutiwa chaji ya umeme inayokaa ndani yake, ili chembe zinazopita zinaswe hata pale ambapo tundu ni kubwa kuliko chembe. Mashine ya kufanya hivyo ni ghali, huchukua miezi kutengenezwa na kufungwa, na mwanzoni mwa mwaka 2020 zilikuwa katika nchi chache. China, ambayo kabla ya janga ilikuwa inatengeneza karibu nusu ya barakoa za dunia, kiasi cha milioni 20 kwa siku, ilifikisha milioni 116 kwa siku ilipofika mwisho wa Februari. Iliweza kwa kuwa ilikuwa na mashine za tabaka hili na iliweza kujitengenezea nyingine. Sisi tulikuwa na cherehani.

Jambo hilohilo lilionekana katika ovaroli. Vazi la kumkinga muuguzi halishonwi tu likaisha, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa majimaji. Mshono wake hufunikwa kwa utepe unaogandishwa kwa joto, na mashine ya kugandisha utepe huo haimo katika vibanda vyetu. Fundi hodari anaweza kushona ovaroli yenye vipimo sahihi kabisa ambayo haimkingi mtu.

Msielewe kwamba nasema hapakuwa na ufumaji wowote. Eldoret kuna Rivatex, kiwanda kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, kikaanguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kikazinduliwa upya mwezi Juni mwaka 2019 baada ya kufungiwa mashine mpya kwa mkopo wa India. Hapo pamba huingia na nguo hutoka, na mwaka 2020 kilitoa barakoa za kitambaa kilichofumwa humohumo. Uganda nako, Nytil ya Jinja ilishona barakoa ambazo serikali iliahidi kumgawia bure kila mwenye umri wa kuanzia miaka 6. Arusha kuna A to Z, inayotengeneza vyandarua vyenye dawa ndani ya uzi wenyewe kwa teknolojia iliyopatikana kutoka Japani, na mfano huo naupenda kuliko yote, kwa sababu unaonyesha kwamba nguo ya afya, yenye sayansi ndani ya nyuzi zake, imekuwa ikitengenezwa hapa kwetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilitokea kwa sababu malaria ina mnunuzi wa uhakika kila mwaka. Barakoa ilikuwa na mnunuzi wa uhakika kwa miezi michache tu, na hakuna benki inayokopesha mashine ya mamilioni ya dola kwa soko la miezi michache.

Nigusie mitumba, maana najua swali litakuja. Mwishoni mwa Machi 2020 Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba kwa kuhofia maambukizi, na marufuku hayo yakaondolewa mwezi Agosti. Mwaka uliotangulia ziliingia tani zipatazo 185,000. Mtakumbuka kwamba mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kututoa katika AGOA, Kenya ikajiondoa mapema, na Rwanda iliyosimama imara ikapoteza mwaka 2018 nafasi ya nguo zake katika mpango huo. Jambo lililoshindikana mezani likawezekana kwa miezi mitano kwa sababu ya virusi. Na je, mafundi walinufaika? Niliokuwa nikiongea nao Mombasa hawakuona faida. Wateja hawakuwa na fedha, harusi hazikuwapo, na shule zilizofungwa katikati ya Machi hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021, maana yake soko la sare, ambalo ndilo uti wa mgongo wa fundi mdogo, lilitoweka kwa karibu mwaka mzima. Zaidi ya hayo, wengi wao hula kwa kupunguza viuno na kukata miguu ya suruali za mitumba. Belo lisipofunguliwa, na wao hawana kazi.

Nimeulizwa na mwanafunzi mmoja kabla ya kuingia humu ukumbini kama ningemshauri anunue cherehani ya pili. Nilimjibu kwamba, kama ana fedha hizo, ajifunze kwanza kukipima kitambaa: kuhesabu nyuzi kwa sentimita, kupima uzito kwa mita ya mraba, kuangalia kinavyonyonya, kinavyorudi na kinavyopitisha hewa. Vifaa vya vipimo vya mwanzo ni mizani ndogo, rula, kioo cha kukuzia na maji. Kwa bahati vyote viko hapa mbele. Nitamwomba fundi aliyekaa safu ya kwanza aje ashike barakoa ya kitenge, mwanafunzi mmoja ashike ya hospitali, na mwingine ashike mfuko, nami nitamimina maji kidogo juu ya kila kimoja. Wa nyuma sogeeni karibu, mtazame ni kipi kitakachoanza kudondosha na baada ya muda gani.